Kwa nini maji ya bamvua hukauka saa ile ile ya asubuhi?

Ukisimama ufukweni Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama, saa 5 asubuhi, bahari huioni. Unaona mchanga, majani ya baharini yaliyolala, wanawake walioinama kwenye vigingi vya mwani, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika mwambani. Rudi hapo baada ya juma moja, saa ile ile, utakuta maji yamefunika mchanga na ngalawa zinaelea. Juma jingine likipita, saa 5 hiyo hiyo, pamekauka tena.

Kila mtu wa pwani anajua kwamba maji huchelewa. Yakijaa leo saa 8 mchana, kesho yatajaa karibu na saa 9. Wastani wa kuchelewa ni dakika 50 kwa siku. Basi kama maji huhama saa kila siku, imekuwaje bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kila yakija yakauke kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na yajae kati ya saa 10 na saa 11 jioni? Hutaona maji ya bamvua yakikauka saa 11 jioni, si Lamu, si Mombasa, si Tanga, si Kilwa wala Mtwara. Pwani yote hii hujaa na kupwa karibu kwa pamoja.

Jibu liko kwenye jua. Tumezoea kusema mwezi ndio unaovuta bahari, na ni kweli kwamba sehemu kubwa ya kazi ni yake, kwa sababu uko karibu. Lakini jua nalo linavuta. Nguvu yake ya kuinua maji ni kama asilimia 46 ya ile ya mwezi, na hiyo si ndogo. Kwa hiyo baharini mna kujaa kwa namna mbili, kila kimoja kikienda na mwenye nacho. Kujaa kwa jua huja kila baada ya saa 12 kamili, bila kuhama hata kidogo, maana siku yetu yenyewe yenye saa 24 inapimwa kwa jua. Katika pwani yetu kujaa huko huangukia karibu saa 11 alfajiri na saa 11 jioni, leo, kesho na mwaka mzima. Kujaa kwa mwezi huja kila baada ya saa 12 na dakika 25, ndiyo maana kila siku kunasogea mbele.

Kujaa kwa mwezi kunapotembea hivyo, mara mbili katika kila mwezi kunakutana na kujaa kwa jua. Hapo nguvu zinajumlishana, maji yanapanda sana na kushuka sana, tunapata bamvua. Na kukutana kwenyewe hakuwezi kutokea saa nyingine, kwa kuwa jua halihami. Mwezi ndio unaolifuata saa yake. Siku saba hivi baadaye mwezi unakuwa umejitenga, unajaza wakati jua linapwisha, nguvu zinapunguzana, tunapata maji mafu. Siku za mafu kujaa huwa ni karibu saa 5 asubuhi, saa ile ile ambayo juma lililopita mwamba ulikuwa nje. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hufika mita 3 na zaidi, baadhi ya sehemu karibu 4. Siku za mafu haizidi sana mita 1.

Kwa nini iwe saa 11 na isiwe adhuhuri, jua linapokuwa utosini? Kwa sababu bahari ni kubwa na nzito, ina kina chake, mipaka yake na mwendo wake, haiitiki papo hapo. Kila pwani duniani ina ucheleweshaji wake, na saa hizi ninazozitaja ni za kwetu. Bahari huchelewa pia kwa siku: maji makubwa zaidi hayaji usiku wenyewe wa mwezi mpevu bali siku moja au mbili baadaye. Na mabamvua nayo hayalingani. Yale ya Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta, ndiyo huacha nje miamba ambayo miezi mingine huioni kabisa.

Mwenye kulijua hili ana ratiba ya maji kichwani, na tarehe yake anaipata msikitini. Mwezi mosi, yaani siku ya kwanza ya mwezi wa Kiislamu, huanza hilali ikionekana, na siku zinazofuata huitwa mwezi pili, mwezi tatu na kuendelea, kwa hiyo mwezi mosi hadi nne ni bamvua, mwezi nane hadi kumi ni mafu, mwezi kumi na tano hadi kumi na nane ni bamvua tena, na kuanzia ishirini na mbili hadi ishirini na nne mafu yanarudi. Tarehe ya Januari au Februari haikwambii neno kuhusu maji. Mvuvi akiuliza "mwezi ngapi leo?" amekwisha kupanga nusu ya kazi. Akitaka saa, anaanza na kujaa kwa bamvua saa 10 na nusu au 11, anaongeza dakika 50 kwa kila siku iliyopita. Hesabu hiyo hukosea kidogo, kwani siku za bamvua maji huchelewa pungufu ya hapo na siku za mafu huchelewa zaidi ya saa nzima, lakini kwa kushusha ngalawa inatosha.

Ndipo kila zana inapojichagulia siku zake. Pweza ni wa bamvua, kwani anaishi kwenye mashimo ya mwamba na mwamba hautoki mafuni. Wanaomtafuta kwa miguu hutoka maji yakiwa bado yanashuka, wakayafuata hadi ukingoni, na hugeuka mapema, maana maji yakianza kurudi huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yao, kati ya mwamba na ufuko. Wakulima wa mwani, zao lililoanza kulimwa Unguja mwaka 1989, nao hupanga kufunga na kuvuna kwa bamvua hilo hilo la asubuhi. Kama maji ya pwani hii yangekuwa na saa nyingine, bamvua likauke alfajiri na magharibi, sidhani kama kazi hizi mbili zingekuwa zilivyo leo.

Uzio ndio ninaoupenda kuuangalia. Fito hufumwa kuwa ukuta, husimamishwa mchangani toka upande wa nchi kavu kuelekea kwenye kina, na mwishoni ukuta hujikunja kuwa chumba chenye mlango mwembamba. Maji yakijaa, tasi, chaa na changu hupita juu na pembeni kwenda kula kwenye majani ya kina kifupi. Yakipwa, samaki hurudi kwa kina kama kawaida yao, wanakutana na ukuta, na samaki aliyekutana na ukuta hageuki kurudi penye maji haba. Anaufuata kuelekea penye kina. Mwisho wa ukuta ni chumbani. Mvuvi hakimbizi kitu, huja saa ya maji makavu na kuchota. Mafuni uzio hufanya kazi kidogo, kwa sababu maji hayatoki kiasi cha kumlazimisha samaki kuhama.

Mvuvi wa mshipi hutazama kinyume. Bamvua kwake ni mkondo: chubwi, ule uzito wa mshipi, halikai chini, chambo kinapeperuka, nanga inaburura. Huyu anapenda mafu, na akilazimika kutoka siku za bamvua huvizia ile nusu saa maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Madema, mitego ya kusukwa inayotegwa chini, nayo hukaa vizuri mafuni, na maboya hayazamishwi na mkondo.

Wavuvi wa dagaa hawafuati maji bali giza. Wanavua kwa taa: wadudu wadogo wa majini huifuata nuru, dagaa wanafuata wadudu, nyavu zinazungushwa. Mbalamwezi ikitanda bahari yote inapata nuru na taa inakosa mvuto, wadudu wale nao hubaki chini zaidi. Kwa hiyo kando ya mwezi mpevu boti za dagaa hulala. Siku nyingine hupangwa kwa kutazama mwezi unachomoza au kutua saa ngapi: mwezi nane hutua karibu usiku wa manane, basi kazi ni baada ya hapo, mwezi ishirini na mbili huchomoza karibu saa hiyo hiyo, basi kazi ni kabla. Wavuvi wa ziwa Tanganyika, wa Kigoma, Burundi na Kalemie, hawana maji ya kujaa na kupwa, ila wanapumzika mwezi mpevu vile vile.

Kwenye mito hesabu hubadilika, na hapa wengi wa visiwani hukosea wakifika mara ya kwanza. Rufiji, kwenye msitu mkubwa kabisa wa mikoko wa Afrika Mashariki, maji ya bahari hupanda kwa vijito vyenye kona nyingi, yanasukumana na maji ya mto, kwa hiyo kadiri unavyoingia ndani ndivyo kujaa kunavyochelewa kuliko mdomoni. Masika, mto ukifurika, kupwa hurefuka na mkondo wa kutoka unakuwa mkali. Kamba hufuata mwendo huo. Huzaliwa baharini, wakiwa wadogo mno huingia na maji ya kujaa, hukulia kwenye matope ya mikoko, kisha wakipata ukubwa hutoka na maji ya kupwa. Anayewavizia kijitoni huweka wavu maji yakitoka. Kaa wa mikokoni hutafutwa mashimoni maji yakiwa makavu, na mtafutaji lazima ajue njia yake ya kurudi kabla tope halijafunikwa.

Kitu kimoja cha kukumbuka kijitoni na kwenye mlango wa mwamba: maji hayapandi kwa kasi moja. Toka kupwa hadi kujaa ni saa sita na ushei. Saa ya kwanza hupanda sehemu moja tu ya kumi na mbili, ya pili sehemu mbili, ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja, kisha mbili, kisha moja. Nusu ya maji yote hupita katika saa mbili za katikati. Bamvua la mita 3 na nusu likiwa saa ya tatu, kina huongezeka karibu mita nzima ndani ya saa moja. Mtu aliyeona maji yamefika kifundoni tu saa ya kwanza, akadhani ana muda, huyo yuko hatarini.

Hayo yote ni mwezi. Upepo ndio wenye kauli ya mwisho, na upepo haufuati mwezi. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 hivi, kila mwaka hurudi nyuma siku kama 11 dhidi ya misimu, ndiyo maana mabaharia wa Kiswahili walishika kalenda ya pili, ya jua, inayoanzia Nairuzi, siku yake ya mwaka mpya, na kuhesabiwa kwa miongo, siku kumi kumi, miongo 36 na siku 5 za nyongeza. Makunduchi bado wanauoga mwaka huo kila Julai. Mwezi uliwapa maji, miongo ikawapa pepo.

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, bahari ya nje inatulia kiasi, na ndio wakati wa kuwafuata jodari, nguru na sulisuli. Kusi huja na masika, hukaza Juni hadi Agosti, na mkondo wa pwani uendao kaskazini unazidi nguvu. Wenye vyombo vidogo hurudi ndani ya mwamba na kwenye hori, au huhamia dago, kambi ya muda ya wavuvi, upande uliokingika. Katikati, Oktoba na Novemba, kuna utulivu wa matlai. Ndani ya siku moja, umande huvuma alfajiri kutoka bara na kuwatoa wenye tanga, upepo wa bahari huwarudisha alasiri.

Hatari kubwa ni upepo na maji vinapopingana. Mdomo wa Pangani siku ya kusi, maji ya bamvua yakitoka na mto nao ukitoka, mawimbi ya nje hukutana na mkondo juu ya fungu la mchanga, yanasimama wima na kuvunjika. Chombo kile kile, upepo ule ule, saa tatu baadaye maji yakiwa yanaingia, hupita kwa amani. Kwa hiyo nahodha hasubiri upepo upungue, anasubiri maji yageuke.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, usisome namba peke yake, ongeza mwezi ngapi na maji yatakuwa yanakwenda wapi saa utakayokuwa mlangoni. Mawimbi ya mita 2 mafuni si sawa na mawimbi ya mita 2 mwezi tatu maji yakitoka. Na kuna taarifa ambayo haina hesabu yoyote ya kuizunguka. Vimbunga ni adimu huku karibu na ikweta, ila vipo: kimoja kilipiga Lindi Aprili 1952, na Hidaya kikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kikitangazwa, chombo huvutwa juu kupita mstari wa takataka ulioachwa na bamvua la mwisho, hata kama siku yenyewe ni ya mafu, kwa sababu upepo wa kimbunga husukuma maji ya ziada nchi kavu na mwezi hauhusiki.