Pesa ya bodaboda si yote ya dereva

Ukikaa kijiweni Makambako, pale barabara ya Njombe inapoachana na ile ya Mbeya, utasikia watu wakisema: "Hawa vijana wanashika pesa kila siku, wanashindwaje kujenga?" Wanaona elfu moja moja zikiingia mfukoni, wanadhani zinabaki humo.

Hazibaki. Wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni lazima wapeleke hesabu, yaani kiasi walichopangiwa cha kila siku, kwa tajiri mwenye pikipiki. Chukua hesabu ya shilingi 8,000, siku sita kwa wiki: ni 48,000, na kwa mwaka karibu milioni 2.5. Mvua ikinyesha kutwa nzima, hesabu haipungui. Abiria wakikosekana, kijana anakopa kwa mwenzake ili asilale na deni. Mafuta ni yake, na mara nyingi oili na pancha pia. Kinachobaki ndicho chakula, kodi ya chumba na ada ya mtoto.

Walio kwenye mkataba wana nafuu moja: wakimaliza kulipa kiasi walichokubaliana, chombo kinakuwa chao. Lakini wakati huo tairi zimeisha na injini imechoka. Na akiugua au akivunjika mguu katikati ya mkataba, tajiri anaweza kuichukua pikipiki na kumpa mwingine, hasa kama walikubaliana kwa mdomo tu. Hilo linaniuma sana, kwa sababu miezi yote aliyolipa inapotea bila hata karatasi ya kuonyesha.