Undugu na Henry Ford: namna ya kupima tetesi ya ukoo kutoka Cork

Tetesi yenyewe huwa fupi: "Sisi na yule Ford wa magari ni ukoo mmoja, bibi alisema." Husikika Cork kwenyewe, kusini mwa Ayalandi, na husikika Boston, Detroit na London. Mimi kazi yangu ni kuchunguza nasaba, na tetesi hii siidharau hata kidogo, kwa sababu Henry Ford kweli alikuwa mtoto wa mtu wa Cork, na ndugu wa mbali wa baba yake wapo. Kinachowapoteza watu ni njia. Wengi huanza kwa Ford maarufu, kisha wanateremka kuja kwao, wakiunga kila Ford wanayemkuta. Ukishuka namna hiyo hutakosa kufika, maana kila mara utampata Ford mmoja wa kukufaa. Nasaba hupandwa kutoka chini: wewe, mzazi wako, mzazi wa mzazi wako, na kila ngazi na hati yake.

Hata hivyo ni lazima ujue unapanda kuelekea wapi. Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai 1863 karibu na Dearborn, Michigan. Baba yake, William Ford, alizaliwa mwaka 1826 karibu na kijiji cha Ballinascarthy, kati ya miji ya Clonakilty na Bandon, magharibi mwa Cork. Vitongoji vinavyotajwa sana kuhusu familia hii ni Madame na Crohane. Mwaka 1847, katikati ya Njaa Kuu iliyoletwa na ugonjwa wa viazi, William alivuka bahari pamoja na wazazi wake, John Ford na Thomasina Smith. Habari za familia zinasema Thomasina alifariki kabla ya kufika Michigan. Bibi yake William, mzaa baba, Rebecca Jennings, ambaye tayari alikuwa mjane wa mtu aliyeitwa pia William Ford, alikuwa katika msafara huohuo. Hawakwenda kubahatisha: Samuel na George, ndugu zake John, walikuwa wameshatangulia Dearborn tangu 1832.

Yaandike majina hayo ukutani. Henry mwenyewe alikuwa na mtoto mmoja tu wa ndoa, Edsel, na kizazi cha Edsel kinajulikana vizuri. Kwa hiyo familia yenye tetesi ya Cork haitafuti kuwa wajukuu wa Henry. Inatafuta mojawapo ya milango mitatu: watoto wengine wa John na Thomasina, ndugu za John, au vizazi vya nyuma zaidi vya Ford na Jennings waliobaki Ayalandi. Mlango wa kwanza unaweza kuthibitishwa kwa hati, na wa pili pia, kwa subira. Wa tatu mara nyingi hugonga ukuta, na sababu nitaieleza.

Kabla ya hati, ichunguze tetesi yenyewe ilikotoka. Zipo tetesi tatu za Cork zinazofanana na undugu na si undugu.

Ya kwanza ni jina. Ford wa Ayalandi si ukoo mmoja. Wako wenye asili ya Uingereza, ambao ndio kundi la familia ya Henry, na wako Wagaeli, yaani wenyeji wa asili wa Ayalandi, ambao majina yao yaligeuzwa kuwa Ford au Forde kwa Kiingereza: Mac Giolla na Naomh wa jimbo la Connacht, Mac Conshnámha wa kaunti ya Leitrim, na Ó Fuartháin wa Cork kwenyewe. Huyu wa mwisho ndiye mtego mkubwa, kwa kuwa yumo katika kaunti ileile. Ukikuta babu yako ameandikwa Ford mwaka 1901 na Foran au Forhan mwaka 1870, umeshapata jibu, ingawa si lile ulilolitamani.

Ya pili ni ya mama. Mama yake Henry, Mary Litogot, alizaliwa Marekani, na familia ya kwao husemwa kuwa na asili ya Ubelgiji. Alibaki yatima mdogo, akalelewa na Patrick Ahern (jina lake huandikwa pia O'Hern), mtu aliyetoka Fair Lane katika jiji la Cork. Henry alimpenda mzee huyu kiasi kwamba jumba lake la Dearborn aliliita Fair Lane. Basi familia za Ahern husimulia, na kwa haki kabisa, kwamba Henry Ford alikuwa mjukuu wa Ahern. Alikuwa mjukuu wa kulelewa. Jamaa wa Patrick Ahern wana historia ya kweli na ya kupendeza ya kuwaonyesha watoto wao, ila hakuna kipimo cha vinasaba (DNA) kitakachowaunganisha na Henry, na wasiumie wakikosa.

Ya tatu ni kiwanda. Mwaka 1917 Ford ilianzishwa rasmi Cork kwa jina la Henry Ford & Son, na trekta za Fordson zikaanza kutoka mwaka 1919. Kiwanda kilifungwa 1984. Kiwanda cha Dagenham karibu na London kilipofunguliwa mwaka 1931, wanaume wengi wa Cork walihamia huko kufanya kazi. Baada ya vizazi viwili, "babu alikuwa wa Ford" hugeuka "babu alikuwa Ford". Angalia safu ya kazi kwenye cheti cha ndoa cha babu huyo. Ikiwa ni fundi wa kiwandani na jina lake la ukoo ni Murphy, tetesi imejieleza.

Sasa hati. Lengo lako la kwanza si Henry, ni kitongoji (kwa Kiingereza, townland). Ayalandi imegawanywa katika vitongoji zaidi ya 60,000, kila kimoja kina jina na mipaka, na hati karibu zote za mashambani zimepangwa kwa kitongoji hicho. "Kaunti ya Cork" haitoshi. Hiyo ndiyo kaunti kubwa kuliko zote nchini. Usipokuwa na kitongoji, William Ford watano wa umri mmoja watakuwa mtu mmoja machoni pako.

Kama familia yako ilihama, kitongoji hutafutwa kwanza ng'ambo. Sensa ya Marekani ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kila mtu huru wa nyumba kwa jina, lakini mahali pa kuzaliwa huandikwa "Ireland" tu. Hati za uraia za kabla ya 1906 nazo mara nyingi haziongezi kitu. Yanayosaidia ni jiwe la kaburi, tangazo la kifo gazetini, na rejista ya ndoa ya kanisa, na usiishie kwa babu yako: tafuta za kaka na dada zake wote, na za mashahidi wa ndoa zao. Mara nyingi kitongoji kimeandikwa kwa shangazi aliyekufa mwisho. Orodha za abiria waliopitia bandari ya Quebec, Kanada, kabla ya 1865 hazikuhifadhiwa isipokuwa chache, kwa hiyo usipoteze wiki nzima kutafuta meli ya 1847.

Upande wa Ayalandi, anza na sensa za 1901 na 1911, ambazo ziko mtandaoni bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ayalandi. Zinaonyesha dini, kusoma na kuandika, kazi na umri. Umri usiuamini. Watu wengi "walizeeka" zaidi ya miaka 10 kati ya sensa hizo mbili, kwa sababu malipo ya uzeeni yalianza Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliteketea tarehe 30 Juni 1922, jengo la hifadhi pale Four Courts, Dublin, lilipolipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa kabla ya hapo kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Kisha panda kwenye vyeti vya serikali, vilivyopo bure katika irishgenealogy.ie: vya kuzaliwa vilivyotimiza miaka 100, vya ndoa miaka 75, vya vifo miaka 50. Vizazi na vifo vyote vilianza kuandikishwa tarehe 1 Januari 1864. Cheti cha kuzaliwa kinakupa jina la mama kabla ya kuolewa. Cheti cha ndoa kinakupa jina na kazi ya baba wa bwana na wa bibi harusi. Cheti cha kifo hakitaji wazazi, hata kikikuvutia. Kwa ukoo huu tafuta katika wilaya za uandikishaji za Clonakilty na Bandon zote mbili. Tena usishangae ubatizo ukitangulia "kuzaliwa": mzazi aliyechelewa kuandikisha alisogeza tarehe mbele ili asitozwe faini. Tarehe ya kanisani ndiyo ya kushika.

Hapa dini inakuwa na uzito usiotarajiwa. Familia ya John Ford walikuwa Waprotestanti wa Kanisa la Ayalandi, yaani Waanglikana. Hilo lina faida na hasara. Faida ni kwamba ndoa zisizo za Kikatoliki ziliandikishwa na serikali tangu tarehe 1 Aprili 1845, karibu miaka 19 kabla ya nyingine. Ford wa Bandon aliyefunga ndoa mwaka 1846 ana cheti chenye jina la baba yake, na baba huyo huenda alizaliwa miaka ya 1790, kizazi cha John mwenyewe. Hicho ni cheti cha thamani kubwa, na watu wengi hawakitafuti kwa sababu wameambiwa kila kitu kilianza 1864. Hasara ni rejista za ubatizo: rejista nyingi za Kanisa la Ayalandi zilipelekwa Dublin kwa usalama na zikaungua 1922, zaidi ya nusu. Zilizopona ziko parokiani au katika maktaba ya kanisa hilo Dublin. Huo ndio ukuta wa mlango wa tatu niliousema.

Rejista za Wakatoliki hazikupelekwa Dublin, ndiyo maana zimepona, na picha zake hadi karibu mwaka 1880 ziko bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Ayalandi. Nyingi zina majina kwa Kilatini: William ni Gulielmus, James ni Jacobus. Ikiwa Ford zako wote ni Wakatoliki tangu mwanzo wa rejista, dai la undugu linahitaji ndoa ya mseto au mtu aliyebadili dini, na ndoa hiyo lazima uionyeshe kwa hati, siyo kuidhania.

Pale rejista zilipoungua, shika ardhi. Daftari za zaka ya kanisa, zilizoandikwa kati ya 1823 na 1837, zinataja wakulima kwa kitongoji, na wakati huo familia ya John ilikuwa bado Ayalandi. Uthamini wa Griffith, yaani uthamini wa ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, ulioendeshwa kati ya 1847 na 1864, unataja kila mwenye nyumba au shamba na yule aliyempangisha. Watu wanaukosea huu wa pili. Kwa Cork kazi hii ilikamilika baada ya John na William kuondoka, kwa hiyo kumtafuta John humo ni kumtafuta mtu ambaye hayupo, na "John Ford" utakayemkuta ni mwingine. Utumie kwa kazi inayoufaa: kuona ni Ford gani walibaki katika vitongoji vya Ballinascarthy. Vitabu vya marekebisho ya uthamini huo vinafuata kila shamba baada ya hapo, vikibadilisha jina la mpangaji mmoja na kuweka la mwingine. Mwaka wa kubadilika jina huelekeza moja kwa moja kwenye kifo cha kutafuta.

Majina ya watoto yanasaidia kuhisi njia. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. John, mtoto wa William, alimwita mwanawe William, sawasawa na desturi. Lakini William, John na Samuel ni majina ya kila boma la Waprotestanti wa Cork, kwa hiyo kufanana kwa majina kunakuambia pa kuchimba tu.

Vinasaba viweke mwisho, na uwe na hesabu mkononi. Watoto wa ndugu wawili ni binamu wa daraja la kwanza. Mtu aliye hai leo anayetokana na ndugu wa William angekuwa, na kizazi cha Ford waliozaliwa miaka ya 1950, takribani binamu wa daraja la nne. Akitokana na ndugu wa John, ni la tano. Katika daraja la nne karibu nusu ya mabinamu hawana kipande chochote cha pamoja kinachoonekana kwenye kipimo cha kawaida, na wanaokuwa nacho wanashiriki wastani wa sentimorgani 35 hivi (sentimorgani ni kipimo cha urefu wa vipande vya vinasaba). Katika la tano wengi hawana kabisa. Kwa hiyo kukosa mlingano hakuvunji dai, na kupata mlingano mmoja wa sentimorgani 12 hakulithibitishi. Mpime mtu mzee kuliko wote katika familia, siyo mjukuu wake, maana kila kizazi hupoteza nusu. Kipimo cha kromosomu Y kina nguvu zaidi, kwa kuwa hupita kutoka baba kwenda mwana bila kuchanganyika, ila anayepimwa lazima awe mwanamume aliyeshuka kwa mstari wa wanaume watupu. Kazi yake nzuri hapa ni kukanusha: kikimweka Ford wako kwenye tawi tofauti na Ford wa Ballinascarthy, mstari wa kiume umekatika, na unaobaki kuchunguzwa ni wa wanawake, kuanzia na akina Jennings.