Anaogopa kidonge cha presha, haogopi cha usingizi

Kuna mama mtu mzima huja kila mwisho wa mwezi kwenye duka la dawa ninapofanya kazi. Nikishamwamkia na kuitikiwa marahaba, anafungua pindo la khanga, anatoa karatasi tupu ya vidonge na kuiweka juu ya meza. "Nipe vya kwangu vile, mwanangu." Vya kwake ni diazepamu ya miligramu 5, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Cheti alichoandikiwa kilikuwa cha siku chache, kwenye matanga ya mumewe, miaka 6 iliyopita. Aliyekuwa dukani kabla yangu alikuwa akimpa tu. Mimi nilikataa, akanuna.

Ukimuuliza dawa zake za presha, atakwambia hunywa siku kichwa kikimgonga tu, kwa sababu "zile ukizizoea huachi tena". Yaani kidonge cha kuogopa amekikumbatia, na kisicho na kosa anakikimbia. Hayuko peke yake.

"Kaandika daktari, itanifanyaje niwe teja?"

Cheti kinasema dawa ni ya nani, kiasi gani, siku ngapi. Kilichomo ndani ya kidonge hakibadiliki kwa sababu kuna mhuri. Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, na ilisifiwa kuwa salama kuliko dawa za usingizi za zamani. Kwa mtu aliyezidisha dozi, sifa hiyo ilikuwa ya haki. Kwenye kuzoeleka, hapana. Dawa hii huongeza nguvu ya GABA, kemikali ambayo ni kama breki ya ubongo. Ikitumika kila siku kwa wiki kadhaa, ubongo unaona breki ya nje ipo, nao unalegeza ya kwake. Ndiyo maana miongozo mingi huiwekea kikomo cha wiki 2 hadi 4. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za kundi hili ziandikwe onyo zito zaidi kuhusu utegemezi na hatari ya kuziacha ghafla.

Huko huko Marekani, OxyContin, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni kutoka kampuni ya Purdue Pharma, ilianza kuuzwa mwaka 1996, na maelezo yake yalidai kwamba kwa kuwa dawa inafyonzwa polepole, inaaminika haivutii sana matumizi mabaya. Mwaka 2007 kampuni dada ya Purdue ilikiri mahakamani kwamba dawa hiyo ilinadiwa kwa udanganyifu. Wengi walioangamia walianzia kwenye cheti halali. Kwetu, tramado, nayo ya maumivu, ni ya jamii hiyo, na ikizidishwa inaweza kuleta degedege.

"Nilijaribu kuacha nikakosa usingizi, kwa hiyo bado naumwa"

Hii ndiyo inayowafunga wengi, na mama yangu wa khanga aliniambia neno kwa neno. Aliacha siku tatu: jasho, mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio, usingizi hakuna. Akaona ni ushahidi kwamba dawa anaihitaji. Kwa vijana wa maskani hali hiyo ina jina, arosto, ila hakuna anayethubutu kulitumia kwa bibi wa watu. Breki ya nje imeondolewa na ya ndani bado imelegea. Basi.

Mchezo huo huo upo hata kwenye dawa za kawaida. Matone ya kuzibua pua, ukiyatumia zaidi ya siku chache, huanza kuiziba yenyewe. Dawa ya maumivu ikinywewa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi, inaweza kuwa ndiyo inayoleta kichwa kuuma.

"Dawa ya presha ni uteja wa maisha"

Paa likivuja ukalifunika kwa turubai, siku ukiondoa turubai mvua ikaingia, huwezi kusema turubai ndilo lililotoboa bati. Anayekunywa amlodipini haitamani, haifichi, haongezi dozi ili ajisikie raha. Akiiacha, presha inarudi ilikokuwa. Nikiri hapa kwamba zipo dawa chache za presha, kama atenololo, ambazo kuziacha ghafla kunaushtua moyo. Lakini huko si kulevywa.

"Mofini ni ya kufia, na ukipona umekuwa teja"

Nimewahi kuona familia ikificha chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, ya mgonjwa wa saratani, naye analia usiku kucha. Mwili wake ungeizoea mofini, ndiyo. Uraibu ni kitu kingine: mtu kuendelea kuisaka dawa hata inapomharibia maisha. Uganda wamelionyesha hilo kwa miaka mingi. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na tangu 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuandika mofini. Ni ya maji, ya kunywa, na rangi inaonyesha ukali: ya kijani ndiyo hafifu.

"Nikijua nimeshikwa, naacha leo leo"

Usifanye hivyo. Aliyekunywa diazepamu kwa muda mrefu akiikata ghafla anaweza kupata degedege la kumuua. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, ikitumika muda mrefu nayo haikatwi ghafla, kwa sababu tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini huwa zimelala, na kuamka kwake ni taratibu. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, daktari akiangalia, kwa wiki au miezi.

Mama alikubali kwenda hospitali, binti yake akimsindikiza. Sasa anakuja na cheti, na vidonge anavikata kwa wembe juu ya kisahani. Usiku wa kwanza wa dozi pungufu, anasema, alihesabu jogoo wote wa mtaa. Za presha bado tunabishana.