Waigizaji wakipendana kwenye skrini, si lazima wapendane nyumbani

Kila tamthilia inapopamba moto, kwenye magrupu huzunguka kipande cha video cha waigizaji wawili wakitazamana, na chini yake maneno: macho hayadanganyi, hawa ni wapenzi kweli, hisia kama hizi haziigizwi.

Zinaigizwa, na ndiyo kazi yenyewe. Mara nyingi waigizaji wakuu hujaribiwa pamoja mbele ya kamera kabla ya kupewa nafasi, ili mwongozaji aone kama wanaendana. Busu hupangwa hatua kwa hatua: mkono uwekwe wapi, kichwa kigeuke lini. Tangu mwaka 2018 hivi, watayarishaji wengi huajiri mratibu maalumu wa matukio ya faragha. Tukio hurudiwa tena na tena mbele ya wapiga picha na watu wa taa na sauti. Wakati mwingine yule anayetazamwa kwa huba hata hayupo. Ni alama tu iliyobandikwa kando ya kamera! Kisha mhariri huchagua mtazamo mmoja, muziki ukaongezwa.

Kinachotuchanganya ni kwamba wapo waliokutana kazini wakaoana, na hao ndio tunaowakumbuka. Nayo matangazo ya tamthilia huwaweka waigizaji wakuu pamoja makusudi.

Ukiletewa kipande hicho, kitazame bila sauti, uangalie picha zilivyokatwa na kuungwa. Kisha tafuta kama wenyewe wamewahi kusema lolote kuhusu uhusiano wao. Kama hawajasema, tafadhali usikisambaze. Wengi wana wenzi na watoto, na ujumbe huo huwafikia.