Je, Wajua Kwa Nini Miungu wa Kike wa Kale Walirudi Katika Karne ya 20?

Kiswahili kina jambo moja ambalo wengi wetu hatujawahi kulitazama. Tukisema "Mungu ameumba", kile kiambishi "a-" hakituambii kama aliyeumba ni wa kiume au wa kike. Anaumba, anaona, anasamehe, basi. Msemaji wa Kiingereza, Kiarabu au Kiebrania hana nafasi hiyo. Lugha yake inamtaka achague, na kwa karne nyingi kilichochaguliwa ni cha kiume. Ukikua ukisikia hivyo kila siku, picha hujijenga kichwani bila kualikwa. Hata sisi, tukishatanguliza neno "Baba", picha ni ileile.

Kutoka kwenye picha hiyo ndipo hoja ilipozuka. Mwaka 1973 mwanatheolojia wa Marekani, Mary Daly, aliandika kwamba ikiwa Mungu ni mwanamume, basi mwanamume ndiye Mungu. Mwaka 1978 mwenzake, Carol Christ, alihutubia mkutano katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, akaeleza kwa nini wanawake wanamhitaji mungu wa kike. Alisema alama za dini hufanya kazi ndani ya mtu hata baada ya mtu huyo kuacha kuamini. Tena haitoshi kuitupa alama ya zamani. Usipoweka nyingine mahali pake, siku ya msiba au ya kushindwa akili hurudi kulekule ilikozoea. Mwanamke ambaye hajawahi kuona uwezo, mwili na utashi kama wake vikiheshimiwa mahali pa juu kabisa, atavitafutia wapi heshima ndani yake mwenyewe? Kwangu mimi, swali hilo bado lina uzito uleule.

Saikolojia ilikuwa imeshabisha mlango huo mapema zaidi. Carl Jung wa Uswisi alifundisha kwamba ndani ya nafsi za watu wote mna taswira za kale, na moja kubwa kuliko nyingi ni ya Mama, mwenye nyuso mbili: anayelea na anayemeza. Papa Pius XII alipotangaza mwaka 1950 kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho, Jung, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti, aliliita tangazo hilo tukio kubwa zaidi la kidini tangu Matengenezo ya Kanisa. Aliona upande wa kike umepandishwa hadi kwenye kiti ulichokosa. Wanawake wengi walimshukuru, kisha wakamkosoa, na walikuwa na haki. Jung aligawa mno, hisia kwa mwanamke na fikra kwa mwanamume, kana kwamba nafsi ni nyumba yenye vyumba vya wake na vya waume.

Kilichofungua macho zaidi ni hadithi zenyewe. Chukua ya Inanna, mungu wa kike wa Sumeri, nchi iliyokuwa kusini mwa Iraki ya leo. Anaamua kushuka kuzimu kwa dada yake, Ereshkigal. Kuna malango saba, na katika kila lango anavuliwa kitu: taji, shanga, mpaka nguo ya mwisho. Anafika mtupu, anahukumiwa, anakufa, na maiti yake inatundikwa kwenye kulabu. Siku tatu zinapita. Mtumishi wake Ninshubur anawalilia miungu wakubwa. Wawili wanakataa, Enki anakubali. Kutoka kwenye uchafu wa kucha zake anafinyanga viumbe viwili vidogo na kuvituma chini. Vinamkuta Ereshkigal akiugulia kama mwanamke mwenye uchungu wa uzazi. Havipigani naye. Kila anapougua, navyo vinaugua pamoja naye. Hakuna aliyewahi kumfanyia hivyo. Malkia wa kuzimu analainika, anawapa zawadi wanayoitaka, nao wanaomba ile maiti. Inanna anafufuka. Lakini kuzimu hakuachii mtu bila wa kumbadili, na anapomkuta mumewe Dumuzi ameketi kitini kwa mavazi mazuri, hana hata dalili ya kuomboleza, anamtoa yeye.

Mwanasaikolojia Sylvia Brinton Perera aliandika mwaka 1981 kuhusu kushuka huko kama njia ya mwanamke kukutana na hasira na huzuni alizofundishwa kuzificha. Ndiyo maana hadithi za aina hii zilipendwa kuliko za akina mama wapole. Bibi Baba Yaga wa ngano za Kirusi yumo humo pia, yule anayesafiri ndani ya kinu akijisukuma kwa mchi. Siku moja anataka kukula, siku nyingine anakupa moto unaouhitaji.

Wengine walitaka zaidi ya hadithi, walitaka historia. Mwanaakiolojia Marija Gimbutas, mzaliwa wa Lithuania, alisema Ulaya ya kale ilimwabudu Mungu wa Kike kwa amani kabla ya wavamizi wapanda farasi kufika. Ni picha ya kuvutia, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Kisanamu cha mwanamke cha Willendorf, cha Zama za Mawe, kilichopatikana Austria mwaka 1908, kina urefu wa sentimita 11 hivi, na hakuna maandishi ya kutuambia kama ni mungu, hirizi au mtu fulani. Wala kuabudu mungu wa kike hakuleti haki peke yake: Athene ya kale huko Ugiriki ulikuwa mji wa mungu wa kike Athena, na wanawake wake hawakupiga kura. Naamini harakati hizi za kumrudisha mungu wa kike zilijidhoofisha pale zilipoegemea zama za dhahabu zisizothibitika, ilhali hoja ya Christ haikuzihitaji.

Maana historia iliyothibitika nayo ipo. Mwaka 1927 wachimbaji wa mwanaakiolojia Leonard Woolley huko Ur, mji wa kale wa Sumeri, walipata kisahani cha alabasta chenye jina la Enheduanna, binti wa mfalme Sargon wa Akadi, kuhani aliyeishi yapata miaka 4,300 iliyopita. Nakala za tenzi zenye jina lake ziliandikwa karne kadhaa baadaye, na baadhi ya wataalamu wanabishana kama kweli alizitunga yeye. Katika utenzi mmoja anasimulia alivyofukuzwa hekaluni, na anamwita Inanna, si kwa upole bali kwa ukali wake. Kisha anasema utenzi huo ameuzaa, na alichomwimbia usiku wa manane, mwimbaji akirudie mchana.