Manyoya ya Mbwa Yaliyosokotana: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

"Mpeleke baharini, yatalegea yenyewe." Ushauri huu nimeusikia Mikindani kuliko mwingine wowote, na unaumiza mbwa kweli kweli. Maji hayafumui manyoya yaliyosokotana, yanayakaza. Fundo likilowa halafu likakauka hujibana likawa gumu kama kipande cha mkeka, na mchanga uliobaki ndani unakwaruza ngozi. Wakati wa mvua, kwa joto hili la Mtwara, chini ya fundo hapakauki kabisa: ngozi inachubuka, inaanza kunuka, nzi wanataga. Mchane kwanza akiwa mkavu, ndipo aoge.

La pili: "Chukua mkasi ukate." Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. Fundo huvuta ngozi ikainuka ndani yake, na huwezi kuona nywele zinaishia wapi. Jirani aliniletea mbwa wake anayelinda mikorosho. Kwapani alikuwa na jeraha lililo wazi, urefu wa kidole gumba. Mwenyewe alidhani amekata manyoya tu, kwa kuwa damu ilikuwa kidogo na manyoya yaliyobaki yaliificha. Ikabidi daktari wa mifugo amshone.

Njia salama ni kujaribu kupitisha kitana kati ya fundo na ngozi. Kikipita, shika shina la nywele kwa vidole ili ngozi isivutwe, kisha fumua kidogo kidogo kuanzia nchani. Kisipopita, tumia mashine ya kunyolea yenye wembe namba 10, unaobakiza kama milimita 1.5 za nywele. Ilaze sambamba na ngozi, nyoosha ngozi kwa mkono wa pili, nenda taratibu. Wembe unapata moto, kwa hiyo uguse kila mara kwa upande wa ndani wa mkono wako. Ukikuunguza wewe, yeye ameshaungua.

Wengine wanasema kumnyoa ni ukatili. Mafundo yakishaungana mwili mzima, ukatili ni kumvuta nywele saa tatu nzima. Kwa mbwa wengi manyoya yanaota tena. Wenye manyoya ya tabaka mbili, kama German Shepherd, wanyoe pale tu palipolazimu, maana wakati mwingine yanarudi vibaya. Aliyenyolewa akae kivulini, ngozi yake haijazoea jua.

Masikio yanataka uangalifu wa peke yake. Fundo zito likitoka, damu iliyokuwa imebanwa inarudi kwa kasi, mbwa anatikisa kichwa bila kukoma, na sikio linaweza kuvimba likajaa damu. Mimi humfunga kitambaa laini kichwani, kisibane, mpaka atulie.

Mafuta ya taa "ya kulainisha na kuua kupe"? Hapana, hata tone. Yanaunguza ngozi, naye atayalamba tu. Yakiingia mapafuni yanaweza kumuua. Oili chafu ya gari nayo ni sumu.

Akitoka shambani mwondolee vishona nguo siku hiyo hiyo, ukapapase kwapani, nyuma ya masikio na chini ya ukanda wa shingoni. Mafundo mengi huanzia huko. Akikuonyesha meno unapomgusa, acha hapo hapo: anaumwa. Kazi hiyo mpelekee daktari wa mifugo, ambaye anaweza kumpa dawa ya usingizi anyolewe bila kuteseka.