Kwa nini laini mpya hupokea ujumbe wa mtu usiyemjua?

Umesajili laini leo kwa alama ya kidole. Namba hujampa mtu yeyote. Kabla ya magharibi simu inalia: "Mama Rehema, kikoba ni kesho saa kumi, usisahau marejesho." Wewe si Mama Rehema, na aliyetuma hakukosea hata tarakimu moja.

Laini ni mpya, namba ni kuukuu. Namba zina kikomo: Tanzania, baada ya 255 hufuata tarakimu tisa, na mbili za kwanza huonyesha kundi lililogawiwa kampuni. Kundi la 075, kwa mfano, haliwezi kuzidi namba milioni 10. Laini isipotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, namba ikapumzishwa, kisha ikarudi dukani. Marekani peke yake, takribani namba milioni 35 huachwa kila mwaka zikisubiri kupewa watu wengine.

Ajabu yenyewe imo ndani ya kadi. Kadi ya laini (SIM) hutambulika kwenye mtandao wa simu kwa namba nyingine kabisa, ya siri, isiyozidi tarakimu 15. Za Tanzania huanza na 640, za Kenya 639. Kampuni ina daftari la kielektroniki linalooanisha namba hiyo ya siri na ile unayowapa watu. Ujumbe ukitumwa, mitambo huuliza daftari: namba hii iko kwenye kadi ipi, na kadi hiyo iko upande gani wa nchi? Namba ikiuzwa upya, daftari hubadilishwa tu lielekeze kwenye kadi yako. Lakini kwenye simu ya mweka hazina wa kikoba bado imeandikwa Mama Rehema.

(Ule wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ni jambo jingine. Huo ni wa matapeli, wanautuma kwa makusudi. Namba yao ipeleke 15040, ya kuripoti utapeli.)

Kikoba ni jambo dogo. Linaloniumiza ni zile tarakimu za kufungulia akaunti, zinazotumwa kwa ujumbe kwenye namba yako. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza namba 259 zilizokuwa tayari kugawiwa wateja wapya huko Marekani, wakakuta 171 bado zimeunganishwa na akaunti za watu kwenye tovuti maarufu. Anayeipata namba ya namna hiyo anaweza kuingia kwa mwenyewe kama aliyekabidhiwa ufunguo.

Kwa hiyo ukitaka kuachana na laini, itoe kwanza benki, kwenye barua pepe na WhatsApp. Piga *106# uone ni namba zipi bado zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Huenda ipo uliyokwisha kuisahau. Na ukiwa wewe ndiye uliyepokea, mjibu yule wa kikoba leo hii: "Samahani, namba hii sasa ina mtu mwingine. Mtafute Mama Rehema kwa njia nyingine." Kikao ni kesho saa kumi, na yeye hajui.